Mkwe Aliyetumwa Korbesa

Nimekuwa mkwe wa Korbesa kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona mama mkwe wangu akinywa chai. Sisemi hivyo kwa mzaha. Kwa Waborana wa upande ule, mwanamume na mama wa mkewe hawakai mahali pamoja, hawali pamoja, hawatajani majina na hawazungumzi ana kwa ana. Nikifika, yeye huvuta shuka kichwani na kupita nyuma ya nyumba. Nikiingia, anatoka. Akitaka kujua kama nimeshiba, anamwuliza binti yake kwa sauti ya juu, na mimi niko upande wa pili wa ukuta wa mikeka, nasikia kila neno.

"Mwulize mumeo kama ameshiba."

"Mama anauliza kama umeshiba," mke wangu ananiambia, uso wake mkavu kabisa.

Najibu kwamba nimeshiba, alhamdulillahi, na jibu linavuka ukuta kwa mdomo wa mke wangu ingawa lilikwisha kuvuka lenyewe. Mwanzoni nilikuwa nauma midomo nisicheke. Sisi ni watu wa Wabera, mjini Isiolo. Babu wa baba yangu aliletwa na Mwingereza kama askari, vita vikaisha, akaachwa hapa na koti lake la jeshi, na tangu hapo ukoo wetu ni biashara na magari. Nyumbani kwetu mama mkwe anaweza kukukaripia mezani kwa kumaliza pilipili. Kwa hiyo nilipooa Korbesa nilijifunza upya namna ya kuingia nyumbani mwa watu: kukohoa kwanza, kusubiri nje, kutazama chini.

Watu wa mbali wakisikia haya hudhani tulikuwa na uhasama. La. Yule mama alinipenda, na mimi nilimpenda. Maziwa ya kibuyu kile kilichofukizwa vizuri kuliko vyote yaliwekwa kwa ajili yangu. Mbuzi akichinjwa, nyama yangu ilitengwa kabla ya ya watoto wake wa kiume, nao wakanung'unika. Heshima yake kwangu ilikuwa kunikwepa, na aliifanya kazi hiyo kwa bidii sana.

Nina pikapu. Napeleka sukari, unga na majani ya chai Merti na Korbesa, narudi na mbuzi, wanafunzi na wagonjwa. Gari nyingine hupita kule zinapotaka zenyewe. Mtu wa Korbesa akizidiwa, wanampigia simu mkwe. Jambo hili msomaji aliweke akilini, maana ndilo lililotuponza.

Basi likaja shirika moja na mradi wa kuzuia saratani vijijini. Walituita semina kwenye ukumbi mmoja mjini, wakatupa maji ya chupa na fulana za rangi ya waridi. Afisa wa mradi alikuwa dada kijana kutoka Nairobi, mchapakazi, mwenye nia njema. Sitaki mtu amfikirie vibaya. Alitufundisha vizuri. Mimi niliyekuwa nadhani saratani ni ugonjwa wa matajiri wa mjini nilitoka pale nikijua dalili za koo, za kizazi na za titi, nikijua kwamba ikiwahiwa inaweza kutibiwa. Alisema kosa la miradi iliyopita lilikuwa kutuma wageni. Mwanakijiji hamwamini mgeni. Safari hii ujumbe utapelekwa na wanajamii wenyewe, kila kijiji na mtu wake. Tukapiga makofi. Nilipiga makofi kwa nguvu, kwa sababu nilikubaliana naye.

Halafu akasoma kwamba mimi nitaenda Korbesa.

Nilimfuata nje wakati wa chai. "Dada, Korbesa ni kwa wakwe zangu. Mimi siwezi kusimama mbele ya mama wa mke wangu nitaje mambo ya matiti."

"Si mke wako ndiye wa huko?"

"Ndiyo maana siwezi."

"Lakini wanakujua. Wanakuamini. Wakiwa wagonjwa wanakupigia wewe simu."

"Nitume Sericho. Sericho sina mkwe hata mmoja."

Akacheka. Sericho kulikuwa na mtu wao tayari. Nikamwambia atume mwanamke. Akasema walitafuta mwanamke wa Korbesa aliyesoma kidogo na anayeweza kusafiri, wakamkosa. Nikamwambia basi mke wangu, anajua kusoma na ana mdomo kunishinda. Akanijibu kwamba mke wangu hakuhudhuria semina, na mimi nina gari. Kisha akaniwekea mkono begani, kama mwalimu anavyomfanyia mtoto mwoga. "Hii mila ya kuona haya ndiyo inaua kina mama. Mtu kama wewe akivunja ukimya, wengine watafuata."

Alikuwa amesema kweli, ila kweli yake haikuwa na mahali pa kusimama kule Korbesa. Nilirudi kunywa chai yangu, ilikuwa imepoa, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi.

Siku yenyewe tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi. Wanaume waliketi mbele kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni, wakanitania kuhusu fulana. "Sodda wetu leo amevaa kama bibi harusi," alisema mmoja, mjomba wa mke wangu. Sodda ni mkwe. Kina mama waliketi nyuma kabisa karibu na mlango, wamejitanda, wamegeuza nyuso pembeni. Lazima nieleze kwamba kule mama mkwe si mmoja. Dada zake, wake za ndugu za mumewe, wenzake wa rika lake, wote kwangu ni mama mkwe. Ukitoa wasichana na mke wa mwenye duka, ambaye ni mtu wa kuja, kila mama mtu mzima mle ndani alikuwa ni wa kukwepwa.

Na wangu mwenyewe alikuwepo. Nilimtambua kwa shuka yake. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba alikuja kwa fahari, kusikia sauti ya mkwewe ikizungumza mbele ya watu.

Nilianza na tumbaku na koo. Walinisikiliza vizuri. Mzee mmoja aliuliza kama chai ya moto ni mbaya kweli au ni maneno ya watu wasio na maziwa, tukacheka. Afisa alikuwa anapiga picha. Kisha akanipa ishara, nikafungua ile karatasi kubwa yenye mchoro wa titi, nikasema kwa Kiborana kilichonyooka kwamba kila mama anapaswa kujipapasa, na akikuta uvimbe hata usiouma asikae nao.

Sijui kama nilimaliza sentensi. Kina mama wale waliinuka wote pamoja na wasichana wao, bila kelele, bila kukunja uso, wakatoka mmoja mmoja kupitia mlango ule mwembamba. Hawakunikasirikia. Walikuwa wananisitiri. Mkwe amepotoka mbele za watu, na jambo la adabu lililobaki ni kumwondolea masikio yaliyomsikia. Waliketi nje kwenye ua wa shule, migongo imeelekea darasa, mpaka tulipomaliza. Nilizungumza kuhusu matiti kwa wanaume waliotazama sakafu na kwa mke wa mwenye duka, ambaye alikuwa amekwisha kuyasikia kwenye redio.

"Mbona wameenda?" afisa aliniuliza.

Nikamweleza tena.

"Watazoea," alisema. Baadaye kina mama walitupikia, chakula kizuri sana, akapiga picha za sinia.

Wiki iliyofuata mjomba wa mke wangu aliniita pembeni. Alikuwa mpole. Akasema hakuna aliyekasirika, lakini maneno yale yalianguka mahali ambapo hayakupaswa kuanguka, na itafaa nilete buni na tumbaku, wazee waombe dua, yaishe. Nikaleta. Buni zikakaangwa kwa samli, dua ikaombwa, na tumbaku niliyoikataza nikiwa na fulana ya waridi nikaigawa kwa mikono yangu mwenyewe. Wazee walicheka mpaka wakakohoa. Mimi pia nilicheka. Nilidhani limekwisha.

Kwa wazee lilikuwa limekwisha. Kwa mama mkwe halikuwa. Tangu siku ile alizidisha kunikwepa. Zamani alipita nyuma ya nyumba. Sasa mlio wa gari langu ukisikika tu anaondoka kwenda kwa dada yake, upande wa mtoni, na harudi mpaka niondoke. Sikusikia tena sauti yake nyuma ya mikeka. Maziwa yangu aliyaacha kwa jirani. Nilisikitika, lakini nikajiambia aibu huisha, huyu mama atarudi. Nilikuwa namwonea haya kama yeye alivyonionea, kwa hiyo nilianza kushusha mizigo haraka na kugeuza gari bila hata kunywa chai.

Mradi nao ulihamia kaunti nyingine. Fulana yangu mke wangu aliifanya tambara la kupangusia vioo.

Dada mdogo wa mke wangu alipojifungua, mke wangu alikwenda kukaa kwao kumhudumia. Hakukaa siku nyingi kabla hajanipigia simu. Alikuwa amepanda kilima kile kidogo nyuma ya zahanati ambapo simu hushika, na upepo ulikuwa unakula nusu ya maneno yake.

"Baba watoto, mama anajifukiza udi kutwa nzima."

"Si ni kawaida ya kina mama?"

"Sio hivi. Asubuhi, mchana, jioni. Nguo zake zote. Nikakaa karibu naye nikajua udi unafunika nini."

Akaupa upepo mgongo. Nikamsikia vizuri.

"Titi limepasuka," alisema. "Lina kidonda. Kuna alama za chuma cha moto, dada zake walimchoma wakidhani litakauka. Alianza kulihisi toka kabla ya kiangazi, na sisi watoto wake hakumwambia hata mmoja wetu."

Nilimwuliza swali ambalo hata sasa naona haya kwamba niliuliza: kwa nini hakusema?

"Nimemwuliza. Akaniambia, ningemwambia nani? Gari ni la mumeo."

Niliketi kwenye mfuko wa sukari pale dukani nilikokuwa napakia mizigo. Nilimwelewa mara moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Ili afike hospitali ilibidi apande gari la mkwe. Ili apande gari la mkwe ilibidi mkwe ajue anaumwa nini. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa ni ule ule niliotaja kwa mdomo wangu mbele yake. Kama ningekuwa dereva mgeni asiyejua hata salamu, angepanda siku ya kwanza.

Nilimpigia yule afisa. Alisikitika kwa dhati, akanipa namba ya mtu mwingine, na mtu huyo akanipa ya mwingine. Nikaacha kupiga.

Mke wangu alimbembeleza mama yake mpaka akakubali, kwa masharti. Nyuma ya pikapu tufunge turubai pande zote. Yeye na binti yake wakae humo kwenye godoro. Kioo kile cha dereva cha kutazamia nyuma nikigeuze kisimwone. Na nisimwulize kitu. Nilikubali yote. Nilipofika Korbesa kumchukua nilibaki ndani ya gari, macho mbele, mpaka niliposikia mlango wa nyuma umefungwa. Harufu ya udi iliingia mpaka kwa dereva, na chini yake ile nyingine. Mjomba alikuja dirishani, akanipa mkono.

Barabara ya Merti anayeijua anaijua. Mchanga, mawe, kisha laga, yaani mkondo wa mto uliokauka, unaokupiga mgongo kama umekosea kitu. Kila gari liliporuka nilisikia sauti yake, si kilio, ni pumzi tu inayokatika. Nikapunguza mwendo mpaka punda wangetupita.

"Mwambie asipunguze," nilimsikia akisema nyuma ya turubai. "Mwambie aende tu, tufike."

"Mama anasema uende tu," mke wangu aliniambia kwa dirisha dogo.

Nilifurahi kusikia sauti ile. Naona aibu kuliandika, lakini nilifurahi, baada ya miezi yote ile. Nikaongeza mwendo, machozi yananitoka, na hakuna aliyeniona.

Hospitalini mjini walimlaza, wakampima. Siku ya majibu nilikuwa nje kwenye benchi. Daktari alikuwa kijana wa bara, hajui Kiborana. Alizungumza na mke wangu kwa Kiswahili, na mke wangu, yule ambaye nilisema ana mdomo kunishinda, aliweka leso mdomoni akatoka nje mbio, akapita mbele yangu bila kuniona. Muuguzi anayejua Kiborana alikuwa amekwenda wadi nyingine kuzalisha. Daktari alichungulia mlangoni.

"Wewe ndiye uliyemleta? Unajua lugha yake? Njoo unisaidie, ana haki ya kuambiwa."

Nikamweleza kwamba mimi ni mkwe. Akasema vizuri sana, mtu wa familia. Wangapi tayari walikuwa wameniambia hivyo. Nilitazama nje nimwite mke wangu, nikamwona ameketi chini ukutani, watu wamemzunguka, hawezi. Nikaingia. Kitanda kilikuwa kimezungushiwa pazia. Nikamwomba daktari asilifungue, nikasimama upande wangu nikiwa nimegeukia ukuta, na Mungu anisamehe, nikamsalimia.

"Salaam aleikum, Mama."

Nilisikia kitanda kikilia, anajivuta akae.

"Mwambie uvimbe umetoka kwenye titi," alisema daktari. "Umeshafika kwapani na kwenye mapafu. Kuukata sasa hakutamsaidia. Tutampa dawa ya maumivu na ya kidonda, apate nafuu, akae na watu wake."

Nikayasema yote. Sikupunguza, sikupamba. Nilitaja kila kiungo kwa jina lake, kama nilivyofundishwa kwenye semina. 

Nilipomaliza, mama alizungumza. Nilisubiri lile neno lake, "mwambie," halikuja.

"Uvimbe huu ndio uliotaka kutuambia siku ile shuleni?"

Ilinichukua muda kujua kwamba ninayeulizwa ni mimi.

"Ndio huu, Mama."

"Na kama ningekaa nikusikilize?"

Ningeweza kudanganya. Wapo watakaosema ningedanganya. Lakini alikuwa ameniuliza mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani, na sikuweza.

"Ungekuja mapema. Huenda wangeukata ukapona."

Daktari alitaka kujua anasema nini. Nikamwambia subiri. Nyuma ya pazia mama aliuliza tena.

"Sasa kwa nini walikutuma wewe?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka tu kuelewa. Nilikumbuka ukumbi, makofi, mkono begani, nikampa jibu lile nililokuwa nalo.

"Walitaka mtu wenu, Mama. Walisema mgeni hamtamsikiliza."

"Mgeni tungemsikiliza," alisema. "Wewe ni wetu."